Kangaga na Bomba Linalovuja

Shangazi, dada yake baba, alitoka Zuzu kuja kwetu mjini kutibiwa macho. Siku alipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza alichokiona ni kangaga langu, mmea wa majani kama manyoya, lililoning'inia barazani. Aligeuza jani, akakuta vidoa vya kahawia vimejipanga chini yake.

"Mwanangu, maua yako yana ukurutu."

Akachukua mswaki na sabuni ya kufulia, akaanza kulisugua jani moja baada ya jingine. Nilipotoka jikoni alikuwa amemaliza nusu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nikadhani kazi itakuwa rahisi. Nikamwambia ule si ugonjwa. Kangaga halitoi ua wala mbegu. Vidoa vile ni vifuko vya spora, vumbi jepesi linalopeperuka. Likiangukia penye unyevu, huota kijani kidogo chenye umbo la moyo, kisichozidi ukucha. Kwenye kijani hicho kuna sehemu za kike na za kiume, na mbegu za kiume huogelea kulifuata yai. Hapo ndipo kangaga jipya huota.

Shangazi aliweka mswaki chini.

"Zinaogelea? Dodoma hii? Maji yenyewe ya mgawo!"

"Hata tone linatosha, shangazi."

"Kwa hiyo mtoto hafanani na mama yake?"

"Hafanani. Mjukuu ndiye anayefanana na bibi."

Hilo lilimpendeza mno. Kuanzia hapo kila asubuhi alizunguka uani akitafuta unyevu. Majuma yalipita, na siku moja aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Chini ya bomba letu linalovuja, ukutani, vimoyo vya kijani vilikuwa vimejibandika kwenye saruji.

Bahati mbaya, mume wangu alikuwa ameshamwita fundi bomba. Fundi alipofika, shangazi alikuwa ametandaza kitenge chake mbele ya bomba na kukaa kwenye kigoda.

"Baba, unaingiaje chumbani kwa watu bila hodi?"

"Chumbani kwa nani, bibi?"

"Kwa wenyewe. Wako kwenye mambo yao."

Fundi alinitazama. Nami, mwalimu mzima, nikasema, "Ni kweli, wanahitaji maji kidogo." Akauambia ukuta samahani, akabeba spana zake na kuondoka.

Jioni mume wangu aliwaka. Mtaa mzima unahangaika na madumu, sisi tunayaachia maji yadondoke kwa sababu ya ndoa ya majani! Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatega ndoo chini ya bomba. Maji yale tukamwagilia mchicha, na mume wangu akaacha kulalamika; tena kila alipopita pale alikohoa kwanza, kama anayebisha hodi.

Mvua zilipoanza, kimoja cha vile vimoyo kilitoa kijani kilichojikunja kama mkia wa kinyonga. Shangazi alipiga vigelegele. Jirani wa upande wa pili akaja mbio na chupa ya uji wa ulezi.

"Mzazi yuko wapi?"

"Yuko nje," shangazi alijibu, akaupokea uji na kuunywa wote.

Kesho yake wanaume wa mtaani walimsimamisha mume wangu njiani wakampa mkono. "Hongera, baba!" Alikuwa amechoka kueleza.

"Asanteni," akasema. "Wote wazima."