Plizi ya Bwana Shamba

Juma lililopita, siku ya gulio pale Mlalo, Bwana Shamba wa Kizungu alitukusanya. Mkalimani alitafsiri kila kitu isipokuwa neno moja: plizi chimbeni matuta, plizi ng'oeni maharage ya mteremkoni yapishe matuta. Kila plizi ilipotoka, askari aliyesimama nyuma alikipapasa kirungu chake. Mimi neno linalotembea na askari silipendi.

Mama mmoja mwenye jembe begani akamgeukia mkalimani. "Mwanangu, hiyo plizi ndiyo nini?"

Kijana akajikohoza. "Ni neno la adabu, mama. Asili yake ni kusema, 'ikikupendeza'."

"Ikinipendeza mimi?"

"Ndiyo, mama."

Mama akalitua jembe chini, taratibu. "Basi mwambie hainipendezi. Maharage yangu yameshatoa maua."

Bwana Shamba akatabasamu, akauliza mama amesema nini.

Mkalimani akamtazama mama, akakitazama kirungu.

"Anasema asante," akajibu kwa Kiingereza.

Nami siku zote nilikuwa najiuliza ni nani aliyeiambia serikali kwamba tunayapenda matuta.