Ng'ombe Aliyegeuka Nyuki

"Yusta mwenzangu, huyo unayemshona ni ng'ombe au ni mzimu wa ng'ombe?"

Aliyeuliza ni Mwanahawa, mwenye duka la vitambaa sokoni Kibondo. Asubuhi hiyo alifungua mlango wa duka lake akakutana na kichwa kikubwa chenye pembe ndefu, kimekaa juu ya meza ya cherehani kinamkodolea macho. Yusta alicheka mpaka ikabidi atoe pini mdomoni zisije zikamchoma.

"Ni ng'ombe. Na ukimsema vibaya siku ya mpira hatakusalimia."

Cherehani ya Yusta ipo kwenye baraza la duka hilo tangu wote wawili wakiwa wasichana. Mmoja anauza kitambaa, mwenzake anakishona. Mmoja akienda kuswali, mwenzake analinda. Jumapili Yusta akiwa kanisani, Mwanahawa analinda. Yusta ni mzaliwa wa Murungu, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili. Sare za shule, magauni ya kwaya, suti za maharusi, vyote vimepita mikononi mwake. Lakini nani anauliza sare kashona nani? Ndiyo maana kazi hii ilimkaa moyoni. Hii, alijua, watu wataiuliza.

Kazi aliletewa na mwalimu Hashimu, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, mwenyekiti wa kamati ya mashindano ya vijana wa nchi tatu: Tanzania, Burundi na Kongo. Wakongo wangewakilishwa na timu ya wakimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu.

"Mama Yusta," alisema Hashimu, "mashindano makubwa yote yana mnyama wake. Mtu anamvaa, anacheza uwanjani. Wafaransa walimtoa jogoo. Afrika Kusini wakamtoa chui. Wabrazili wana mnyama wao anayejikunja akawa kama mpira, wakamtoa huyo. Mnyama ni sura ya mwenyeji. Sisi tumtoe nani?"

Yusta hakufikiri mara mbili. "Ng'ombe wa pembe ndefu."

Kwa Muha kama Yusta, ng'ombe si nyama tu wala maziwa. Baba yake Yusta alipotaka kupatana na jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba, hakusema maneno mengi, alimpelekea ndama. Tangu hapo wakaitana ndugu, na watoto wao wakaitana ndugu. Yusta alimshona ng'ombe akijua anawaambia wageni neno hilo hilo.

Timu ya Nyarugusu ilifika siku mbili kabla ya ufunguzi. Siti, binti wa Mwanahawa, mchezaji ngoma hodari, akamvaa ng'ombe ili aende kuwapokea. Akaruka, akatikisa pembe. Watu wa sokoni wakapiga vigelegele. Wale vijana walisogea nyuma. Mmoja akarudi ndani ya gari.

Baadaye kocha wao, Pasikali, alikuja barazani, kofia mkononi.

"Maman, kazi yako ni muzuri sana, mi naona. Lakini batoto ba ekipe yangu habataingia nyuma ya ile ngombe."

"Kwa nini, baba?"

"Kwetu ngombe za namna ile zilikulaka mashamba. Kisha bunduki zikakuja. Batoto bakizionaka, banakumbuka njia ya kukimbia."

Yusta alikaa chini. Maisha yake yote hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu ambaye ng'ombe anaweza kumwambia neno jingine.

Hashimu aliposikia alijaribu kumtuliza. "Watazoea, mama. Nimeshakwambia, mnyama ni sura ya mwenyeji, si ya mgeni."

"Mwalimu," alijibu taratibu, "mimi mgeni akifika kwangu namuuliza kwanza anakula nini. Ng'ombe sikuuliza. Hawa wasipoingia uwanjani, nchi tatu zitakuwa mbili."

Akafumba macho, midomo ikacheza kidogo kama mtu anayesali. Kisha akamgeukia Pasikali, aliyekuwa bado barazani. "Asali kwenu mnakula?"

Pasikali akacheka kwa mara ya kwanza. "Maman! Asali nani anaikataaka?"

Yusta akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Unabomoa?" Mwanahawa alishika kichwa. "Kazi yote ile?"

"Nabomoa. Lete kitambaa cha njano. Na cheusi kile cha sketi za shule."

"Wallahi wewe mwanamke!" Lakini alikuwa ameshaingia dukani.

Marehemu mumewe Yusta alitundika mizinga porini, kwa hiyo nyuki anamjua. Pembe za sponji alizichonga zikawa vipapasio viwili vya kutikisika. Mabawa yalitoka kwenye chandarua kipya cha Mwanahawa mwenyewe, na siku hizo mbu walimuuma bila yeye kulalamika. Au tuseme alilalamika kidogo. Viganja Yusta alivishona vipana, ili nyuki aweze kupiga makofi ya kusalimia, kama wanavyosalimiana Waha.

Siku ya ufunguzi Siti, amemvaa nyuki, alisimama mbele ya timu zote langoni mwa uwanja. Hakuruka. Alikwenda moja kwa moja kwa vijana wa Nyarugusu, akapiga goti, akagonga viganja polepole: pwa, pwa, pwa. Yule aliyekuwa amerudi garini akatazama huku na huku, kisha naye akagonga. Timu nzima ikafuata, Warundi wakadakia, jukwaa likanguruma. Wakaingia uwanjani wakimfuata nyuki, nchi zote tatu.

"Kashona nani?" watu waliulizana.

"Yusta! Yusta wa Murungu!" Mwanahawa alipiga kelele mpaka ushungi ukamvuka. "Chandarua changu kile!"

Yusta alisimama wima, gauni lake la kwaya limepigwa pasi, machozi yanamtoka na hayafuti. Mgeni rasmi alimwita mbele, akampa kipaza sauti, akamuuliza kamati imshukuru kwa kitu gani.

"Naomba mashindano yakiisha nyuki msimfungie stoo. Mpeni Pasikali aende naye Nyarugusu, akae na wale vijana."