Kuni za Msitu wa Biichi

Mama alikuja kutoka Kenya kunisubiri nijifungue, lakini tumbo lilipokuwa limekua vizuri akatangaza kwamba anarudi kwake. "Hapa sina kazi," alisema jikoni kwangu, Missouri City, kando ya Houston, Texas. "Vyombo mashine, nguo mashine. Nangoja nini?" Nilinuna. Kununa ndiyo silaha yangu tangu utotoni, na kwake haijawahi kufua dafu.

Jumamosi nikampeleka kwenye hifadhi ya msitu, kaskazini-mashariki mwa Houston, nikidhani miti itamlainisha. Ni msitu mkongwe wa biichi, miti ya gome laini la kijivu. Ilikuwa Januari, na ile miti michanga ilikuwa bado imeng'ang'ania majani yake makavu. Mama alitangulia, mimi nikijikokota nyuma. Nilipomfikia alikuwa ameshaokota mzigo wa kuni na kuufunga kwa leso.

"Mama! Hapa hawaruhusu ku-carry kitu!"

"Kuni zote hizi zioze bure?"

Mlinzi wa msitu, mwanamke wa makamo, akatokea. Nilitamani ardhi inimeze. Hakugomba; alieleza, nami nikatafsiri. Zamani wakulima wa hapa waliachilia nguruwe wao humu wakila njugu za biichi. Kisha wakata mbao wakaja wakamaliza misonobari, biichi wakaziacha kwa kuwa hazikuwa na soko. Siku hizi hata tawi kavu haliondolewi. Akatuonyesha gogo lililoanguka, limejaa uyoga na wadudu, na vigong'ota huja kula hapo.

Mama alilitazama gogo, akanitazama mimi.

"Limelala tu, na bado lina kazi. Hayo ndiyo umenileta nisikie? Mimi ni gogo?"

Nilicheka mpaka nikashika mti, na kucheka kukageuka kilio. Nikamwambia ukweli: vyombo sina shida navyo, naogopa kuzaa katika nchi ya watu bila yeye.

Akafungua leso, akazirudisha kuni chini ya majani bila haraka, kisha akanipangusa uso kwa leso hiyo hiyo, na vumbi lake.

"Nitakaa," alisema. "Lakini si ungesema hivyo nyumbani? Unanuna wiki nzima, halafu unanitembeza porini na tumbo hilo. Uchungu ukikushika hapa, nani atakuzalisha, huyu mlinzi?"