Mamluki wa Mechi ya Bunda

Nakumbuka Jumamosi moja timu ya mtaa wetu wa Kamunyonge ilipopanda daraja, na hakuna aliyeshangilia. Mwanangu, ukimya ule niliusababisha mimi. Sasa nasikia vijana mnataka kuifufua timu, nami naona si vizuri nikae kimya.

Timu ile ilianzishwa na wavuvi wa dagaa. Wakishatoka ziwani na kuanika dagaa wao, walicheza pale pale ufukweni, na nyavu za magoli zilikuwa nyavu chakavu za kuvulia. Miaka mingi tulikuwa ligi ya mkoa tu. Kwenda Butiama tulipanda lori, na hata tukifungwa tulirudi tukiimba. Tukicheza nyumbani mitumbwi ililala, maana kila mtumbwi ulikuwa na mtu wake uwanjani.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, wakanifanya katibu. Msimu mmoja ikabaki mechi moja, ya nyumbani, dhidi ya Bunda. Tukishinda, tunapanda. Nikaingiwa na hofu. Nikasafiri hadi Mwanza, nikaleta mamluki, wachezaji wa kukodi wa kucheza siku hiyo na kuondoka. Enzi zile usajili haukuwa na ukali wa leo. Vijana wetu nikawaweka benchi, hata Majura, kipa wetu tangu alipoota ndevu.

Kocha wetu, Mzee Wambura, fundi wa mitumbwi, aliniita pembeni kabla ya mechi.

"Katibu, yule golini ni mtoto wa nani?"

"Simjui baba yake, mzee. Ila anadaka."

"Majura hadaki?"

"Anadaka, lakini Bunda wana washambuliaji wakali."

"Walikuwaga nao hata mwaka jana. Haya, ukishinda leo utapanda na nani?"

"Na timu, mzee."

"Timu ipi? Hawa jioni wanapanda basi kurudi kwao."

Nilimwona mzee amepitwa na wakati. Nikacheka, tena mbele yake.

Tulishinda. Mashabiki wa Bunda wakatuzomea, "Hongereni, watu wa Mwanza!" Nikageuka kutafuta watu wetu wawajibu. Upande wetu ulikuwa mtupu. Waliposikia Majura kawekwa benchi, waliondoka mmoja mmoja, wakaenda kushona nyavu zao.

Msimu mpya ulipokaribia, nilikuwa na daraja, sina wachezaji. Nikamfuata Majura ufukweni, nikamkuta anaziba mtumbwi.

"Ndugu yangu, Jumapili tuna mechi."

"Hongera. Waambie wale wako."

"Wameshaondoka."

"Basi hata mimi nilishaondokaga. Hukuniona tu."

Nikazunguka nyumba nyingine, nikapata majibu ya namna hiyo hiyo, mengine nikipewa na chai. Jumapili hatukufika uwanjani. Mechi zilizofuata pia hatukufika, na timu ikafutwa kwenye ligi. Mzee Wambura alifariki bila kuiona ikicheza tena. Kila nilipopanga kwenda kumwomba radhi niliona aibu, nikaahirisha, mpaka nikaenda kumzika.

Mwanangu, nasikia mtu fulani amewaahidi wachezaji kutoka mbali kwa ajili ya mechi yenu na Bunda. Mkataeni kwa heshima. Sisemi mgeni asicheze. Akija kuishi nanyi, akafanya mazoezi nanyi, akafungwa nanyi, huyo ni wenu. Ninachokataza ni kumwondoa mwenzenu kwa hofu ya mechi moja. Kama hatoshi, mfundisheni. Kama kiwango chake kimeshuka, mwambieni yeye mwenyewe, mapema, asije akajionea siku ya mechi mgeni amevaa jezi yake. Mkifungwa mkiwa wenyewe, msimu ujao mtakuwepo kujaribu tena. Na ukimkosea mtu, mfuate wiki hiyo hiyo, hata kama sauti inakutetemeka.

Mungu awape miguu mizima na pumzi ndefu. Awafungulie magoli ya watu wa Bunda, na siku atakapowanyima ushindi, awaamshe wote kesho yake mje mazoezini, asikosekane hata mmoja.