Alikunywa Nini?

Mume wangu alikuwa fundi wa nguo hapa Baraka, kando ya ziwa, na kabla sijalijua neno mafigo nilikijua kichwa chake. Kilimuuma tangu asubuhi. Alizoea kununua dukani dawa ya unga iliyofungwa katika vikaratasi, anaimimina ulimini, anashushia chai, kisha anarudi kukanyaga cherehani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika unga ule.

Kisha akaanza kuamka uso umevimba. Ukimbonyeza mguuni kwa kidole, shimo linabaki. Nilimpeleka dispansari. Muuguzi wa pale, ambaye sote tulimwita munganga, aliweka mkojo wake katika kichupa chembamba, akaupasha juu ya taa ya spiriti. Ukageuka mweupe mbele ya macho yetu, ukaganda kama ute wa yai.

"Mafigo iko mugonjwa," alituambia. "Haitapona kabisa, lakini anaweza kuishi nayo. Aache chumvi. Aache ile dawa ya kichwa. Na musikilize vizuri: mafigo ndiyo inatoa dawa mwilini. Yake imechoka, dawa inabakia ndani. Kila dawa, ya duka ao ya majani, mulete niione kwanza. Hata kinini ya homa atakuja kuinywa hapa mbele yangu."

Tukaishi hivyo. Sombe, kisamvu chetu, isiyo na chumvi ilimkasirisha, na kuna siku alisukuma sahani akatoka nje bila kula. Lakini uvimbe ulipungua, nami nikaanza kulala vizuri.

Karanga zilipokwisha kuvunwa, mama yake alishuka kutoka kijijini kwao, Lubondja. Alipomwona mwanawe amekonda mashavu, hakuuliza mengi. Alitoa kikapuni kipande cha gome la mti.

"Hii dawa ilimuponesha baba yake," alisema.

"Mama, munganga amesema tumuonyeshe kwanza."

"Munganga! Ni yeye alimuzaa?"

Kwetu mke hajibizani na mama mkwe. Nilipiga magoti. "Mama, nakuomba. Kesho tuipeleke pamoja."

Alilirudisha gome kikapuni. Nikadhani yamekwisha.

Asubuhi yake dispansari ilikuwa imefungwa, munganga ameenda kijiji cha Swima kuchanja watoto. Nikaenda zangu shambani kung'oa mihogo. Niliporudi sikusikia cherehani. Mume wangu alikuwa amelala chini kwenye mkeka, anatapika, na jikoni kulikuwa na chungu chenye maji meusi, bado kina moto. Mama mkwe alikuwa amemshika kichwa. Hakuniangalia.

Siku iliyofuata mume wangu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mukojo haitoki. Tangu jana."

Ndugu zake walimbeba kwenye tipoyi, ile machela ya mabegani, wakaenda nusu wakikimbia. Mama mkwe na mimi tulifuata nyuma bila kusemezana. Munganga alikuwa amerudi. Alimgusa tumbo, akamfunua macho, akauliza, "Alikunywa nini?"

Ndugu zake waliangalia chini. Mimi nilijua, lakini ningemsemaje mama mkwe mbele ya wanaume? Munganga akauliza tena, safari hii kwa ukali. "Nisipojua alikunywa nini, nitamutunza namna gani?"

Nikamgeukia. "Mama."

Alifungua fundo la kitambaa chake kiunoni, akatoa gome lililobaki. "Ni mimi. Nilimupatia kikombe. Halafu kingine."

Munganga alilivunja, akalinusa. "Ni hii tu?"

Ndipo mume wangu akasema kutoka kitandani, "Na unga. Vikaratasi viwili. Kichwa ilikuwa inapasuka."

Hilo hakuna aliyelijua, hata mimi. Niliyemlinda dhidi ya mama yake alikuwa ananunua unga kwa siri. Munganga hakumgombeza mtu. "Sasa ninajua," alisema, akatutoa nje.

Tulikaa kwenye benchi, mama mkwe na mimi. Ndani alipewa maji kidogo kidogo, kwa kipimo, na hakuongezewa dawa yoyote. Watu waliingia na vidonda vyao, wakatoka. Hatukula.

"Akikufa," alisema, "utasema mi nilimuua."

"Sitasema, Mama."

"Lakini utawaza."

Tulishinda na kulala pale hadi mchana mmoja munganga alipotoka ameshika kichupa. Ndani mlikuwa na mkojo kidogo, wa rangi ya chai. Mama mkwe alikitazama kana kwamba ameonyeshwa mtoto mchanga, akajifunika uso kwa kitambaa, akalia.

Hakurudi tena Lubondja. Aliweka kigoda chake karibu na cherehani, na kila aliyeingia alikaguliwa. Shemeji mmoja alipoleta vidonge kutoka ng'ambo ya ziwa, akivisifu, mama mkwe alivichukua mkononi mwake. "Munganga aione kwanza. Mutoto wangu ni muntu wa mafigo." Shemeji alicheka. Yeye hakucheka.

Kichwa kilipomuuma, mume wangu sasa alituambia. Tulimfunga kitambaa chenye maji baridi, tukaenda naye dispansari. Alishona miaka kadhaa baada ya hapo, akamwona kitinda mimba wetu akitembea. Kisha uvimbe ulirudi na haukuondoka. Alipofariki tulikuwa tumemshika mikono, mama yake upande mmoja na mimi upande wa pili.