Kambale alinivimbisha, shangazi akasema mimi ni dada wa muchumba wangu

Wakuu, humu ndani nadhani mukubwa wa wote ni mimi, basi pokeeni marahaba hata kabla hamujaniamkia.

Mujukuu wangu Zaina, anayesomea udaktari, ndiye anaandika. Mimi nasema tu. Nikidanganya, kambale anirudie.

Ni enzi za Wabelgiji, pale Kasongo. Mimi mutoto wa kule Wamaza, mbali na mto Lualaba. Kambale nilikuwa nimemuonja mara moja tu, na sikuona kitu.

Nilikuwa na muchumba, Ramazani, mushonaji. Wakuu, nilimupenda yule kijana mpaka nikawa nasahau kutia chumvi kwenye mboga!

Siku watu wake wanakuja kupanga ndoa, mama mudogo alipika kambale wa muchana. Wageni tuliwatazamia alasiri, wakatufikia sahani zingali chini.

Na mimi tayari nimekula. Ayayaa! Midomo imevimba, macho yanafunga, ngozi yote inawasha.

Sasa shida iko hapa: kwa ukoo wa Ramazani, kambale ni mwiko. Kwao wanasema mutu wao akimula, lazima avimbe.

Shangazi yake, kitenge kipya mwilini, kuniona tu, kelele: "Huyu iko damu yetu! Mwiko umemujua! Kaka na dada wanaoana wapi?"

Ndoa ikavunjika palepale. Nikalia, na hata machozi hayakuwa na pa kutokea.

Ramazani alikaa mukekani, akavuta sahani yangu, akamula yule kambale mpaka akalamba vidole. Tukamuangalia. Tukangoja. Hata kipele! Akaomba bugali tena.

Shangazi badala ya kunyamaza: "Kama hauvimbi, basi wewe si wetu. Baba yako nani?"

Mama ya Ramazani akaingia jikoni, akatoka na mwiko wa kusongea bugali. "Wifi, mwiko ndio huu. Rudia ulichosema."

Hakurudia. Uvimbe uliposhuka, tukaoana.

Zaina ananieleza: ile mara ya kwanza mwili ulimudhania kambale adui, ukatengeneza kingamwili za kumujua yeye tu, zikakaa juu ya seli za ulinzi chini ya ngozi. Aliporudi, seli zikamutambua, zikamwaga histamini, kemikali ya kuwasha. Mishipa ikalegea, maji yakavuja, nikavimba. Zikatuma na ujumbe kuita seli zingine. Vita yote hiyo, na adui ni mboga!

Nikamuambia, mujukuu wangu, hiyo seli naijua, ilikuja kwetu imevaa kitenge.

Funzo: mutu akivimba na pumzi ikabana, mukimbizeni lopitali. Kikao cha ukoo kitangoja. Mimi nilipona kwa bahati tu.

Na nyinyi, chakula gani kiliwahi kuwaletea kesi kwenye ukoo? Semeni, Zaina atanisomea.

Ramazani alishatangulia, Mungu amurehemu. Lakini miaka yote ya ndoa, kila nikimukasirikia alikuwa ananiita "dada yangu", na mimi nacheka, hasira inakwisha.