Sauti ya Elton Kwenye Deki

Wewe ungelala kwenye kitanda cha marehemu? Mimi nililala miezi minane, na nilijiona msomi kwa sababu hiyo.

Mwaka 2001 nilikuwa nimetoka chuo, nafundisha umeme mjini Mtwara, nimepanga chumba mtaa wa Ufukoni kwa mama Carlota. Alizaliwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, akavushwa na wazazi wakati wa vita, akakulia kijijini Kitaya, kisha akaja mjini kukaanga mihogo. Chumba changu kilikuwa cha mwanawe wa pekee, Elton, aliyekwenda Brazili kufanya kazi ya ujenzi. Huko akaanguka kutoka ghorofani, akazikwa hukohuko. Kilichorudi ni mkanda mmoja wa video aliorekodi wiki chache kabla.

Kila Jumapili baada ya ibada, mama aliuweka kwenye deki. Picha iliporomoka bila kukoma, uso haukutulia hata mara moja. Sauti ilitoka nzito, ya kuvutavuta, kama ya mtu anayesemea chini ya udongo. Hatukuambulia neno. Mama aliweka kisahani cha unga wa mtama mbele ya deki, kama kwao wanavyowawekea wafu, akainamisha kichwa.

"Kuna kitu anakitaka, mwalimu. Anasema nini?"

"Mama, huo si mzimu. Ni mfumo."

"Mfumo ndiyo nani?"

Nilimweleza kwa hasira, ingawa si yeye niliyemkasirikia. Kuna watu walikaa mezani wakaigawa dunia kwa mikanda, Brazili hivi, sisi vile, kama wengine walivyokaa wakachora mpaka katikati ya mto wa watu. Mkanda wa kule, deki ya huku huuzungusha polepole mno. Ndiyo maana sauti inazama.

"Kwa hiyo mwanangu amekwama mpakani," alisema.

Niliapa kumvusha. Danieli, karani wa bandarini, alikuwa na deki inayosoma mifumo mingi, aliyoinunua kwa baharia. Jumamosi jioni tulikwenda kwake, mama amevaa gauni la kanisani, mkanda ameufunga kwenye khanga.

"Mwalimu, leo umeniletea maiti sebuleni?" Danieli alitania.

"Maiti ni deki yako isiposema," mama alimjibu, nasi tukacheka.

Deki ikasema. Picha ilitulia, haina rangi, lakini kijana alikuwa pale, kofia ya ujenzi kichwani, akiongea upesi, kwa sauti nyembamba: "Mama, shikamoo! Nimenenepa, si unaona? Mwezi wa tisa nakuja. Usimpe mtu kitanda changu." Akacheka, akazima kamera.

Nilimgeukia mama kama aliyeshinda mashindano. Hakuwa na furaha.

"Mbona ana haraka hivi? Kama anafukuzwa."

"Ndiyo sauti yake, mama."

"Ilikuwa. Sasa anaongea taratibu." Akaomba tuirudie mara tatu. Midomo yake ilifuata kila neno.

Njiani kurudi aliupakata mkanda kifuani. Nililala kwenye kile kitanda cha kamba nikihesabu boriti, na kila nilipogeuka, kamba zililia chini yangu.

Asubuhi nilikwenda kisimani kuoga. Niliporudi, sanduku langu na vitabu vilikuwa barazani, vimepangwa vizuri, mkeka mpya juu yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama Carlota alikuwa anatandika shuka nyeupe, anazikunja pembe kwa mikono miwili.

"Usinichukie, mwalimu. Utalala sebuleni. Mwenyewe amekataa."

Kisahani cha unga kilikuwa kwenye mto. Nyuma yangu deki yake ya zamani ilikuwa inazunguka, na ile sauti nzito ikaanza. Safari hii nilisikia kila neno.